Nani Alizikusanya?

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ina sentensi ambayo msimamizi wangu ameipitia mara mbili bila kuigusa. Tasnifu tunaandika kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili inasema hivi: takwimu zilikusanywa katika vituo vinne kuanzia Juni hadi Novemba. Ni sentensi sahihi kisarufi na kisayansi. Kinachokosekana ndani yake ni mtu. Kumtoa mtu kwenye sentensi si kazi kubwa. Unapachika w kwenye kitenzi, kukusanya kunakuwa kukusanywa, na yule aliyesimama kwenye maji ya magoti tangu saa mbili asubuhi hayupo tena.

Waliokusanya takwimu zangu ni watu wanne. Mmoja ni mimi. Wa pili ni fundi mkongwe ambaye sote tunamwita Fundi, kana kwamba hakupewa jina jingine. Wawili waliobaki walikuwa wanafunzi wa stashahada waliokuja fildi kwa wiki nane: kijana wa Bagamoyo aliyekulia kwenye ngalawa, na msichana wa Kigoma ambaye hadi wiki ile alikuwa hajawahi kuonja maji ya chumvi. Nataka kuandika juu yao kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wao, na kwa sababu sasa shahada zangu zinanisogeza mbali nao.

*

Jina rasmi la kazi hii ni fundi sanifu. Nilipomwambia mama yangu kwamba nimechaguliwa kusomea ufundi sanifu wa mambo ya bahari, alikuwa anageuza samaki kwenye karai, kule Deep Sea, Tanga. Aliniuliza bila kuinua macho, "Bahari imeharibika?" Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, ila sikuwa na jibu. Fundi tunayemjua mtaani ni wa magari, wa umeme, wa cherehani. Kitu kinaharibika, anaitwa. Fundi wa bahari anaitwa kufanya nini?

Jibu nililipata polepole. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba namba iliyoandikwa leo inaweza kulinganishwa na ile iliyoandikwa miaka kumi iliyopita. Ndiye anayejua kifaa gani kinadanganya na kinadanganya kwa kiasi gani. Ndiye anayejua kwamba chupa ya sampuli ilisuuzwa mara tatu, kwamba mstari wa mita 50 ulianzia kwenye jiwe lile lile, kwamba maji yalichotwa kabla jua halijapanda.

Mfumo wetu unamtengeneza mtu huyu kwa ngazi: astashahada ya awali ni ngazi ya 4, astashahada ni ya 5, stashahada ni ya 6. Vyuo vipo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ana kampasi Mbegani kule Bagamoyo, Nyegezi kule Mwanza, Kibirizi kule Kigoma, na kwingineko. Taasisi zinazowahitaji wahitimu nazo zipo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kazi Zanzibar mwaka 1978. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ilianzishwa mwaka 1980. Sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Kila moja ya taasisi hizi inahitaji watu wa kupima, kuhesabu na kutunza kumbukumbu.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Vyuo vina vijana na mitaala. Taasisi zina boti, vifaa, maabara na wazee wanaojua kuvitumia. Unganisha viwili hivyo na utapata fundi. Muunganiko huo kwenye karatasi unaitwa hati ya makubaliano. Kwa mwanafunzi una jina moja tu: fildi.

*

Kuna fildi za aina mbili, na mimi nimepitia zote.

Ya kwanza nilipokewa na ofisi ambayo sitaitaja. Nilifika na barua yenye mhuri, nikapewa kiti karibu na mashine ya fotokopi. Kwa wiki sita nilipanga majalada, nilifuata chapati za bosi, nilijifunza nani anakunywa chai bila sukari. Boti ilikuwepo, nikiiona dirishani, ila mafuta hayakuwepo. Siku ya mwisho msimamizi wangu alifungua kitabu changu cha kumbukumbu na kuandika kwamba nilishiriki kikamilifu katika ukusanyaji wa takwimu za mazingira. Mwalimu wangu wa chuo alikuja mara moja, akasaini, akawahi basi la saa nane. Chuo kilihesabu mwanafunzi mmoja aliyepata mafunzo kwa vitendo. Ofisi ilihesabu ushirikiano mmoja uliotekelezwa. Kila upande ulikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ya pili ilikuwa mwaka uliofuata, Unguja, na huko ndiko nilikomkuta Fundi.

Siku ya kwanza alinituma sokoni kununua barafu. Nikajua yale yale, naanza tena kutumwa. Nilirudi na mfuko, akaiponda barafu, akaitia kwenye ndoo pamoja na maji kidogo, akatumbukiza ndani vipima joto sita vinavyokaa baharini miezi mingi vikirekodi vyenyewe. "Barafu inayoyeyuka ni nyuzi ngapi?" Sifuri, nikasema. "Basi tuone nani mkweli." Baada ya dakika ishirini vinne vilisoma sifuri au karibu sana. Kimoja kilisoma nusu nyuzi juu. Kimoja kilikufa. Akanipa kalamu ya wino usiofutika niandike kosa la kile kimoja juu ya gamba lake, kisha niliandike tena kwenye daftari, tarehe na saa.

Nusu nyuzi ni kitu gani? Siku ile niliona ni usumbufu wa mzee. Baadaye nilisoma kwamba matumbawe huanza kupauka joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto zaidi kwa nyuzi moja tu na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa. Ilitokea mwaka 1998, ikatokea 2016, ikatokea tena 2024. Kifaa kinachokosea nusu nyuzi kimekula nusu ya tahadhari hiyo. Ukiwa na ndoo ya barafu unalijua kosa hilo na unaweza kulitoa. Bila ndoo unabaki na namba iliyovaa nguo za ukweli.

Tofauti ya fildi hizo mbili haikuwa bajeti. Barafu ile iligharimu shilingi elfu moja. Tofauti ilikuwa mtu mwenye muda, na taasisi iliyokubali kwamba kunifundisha ni sehemu ya kazi ya mtu huyo.

*

Utafiti wangu wa sasa ni wa nyasi bahari katika Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja. Watu wengi wanazichanganya na mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala ua. Nyasi bahari zina mizizi, zina maua, zina shina linalotambaa chini ya mchanga kama shina la tangawizi. Chwaka ina aina nyingi za nyasi hizi, na juu yake kuna maisha ya watu. Wavuvi hutega madema humo, na wanawake huokota kombe maji yakikupwa. Ghuba hiyo imewahi kuona mivutano mikali kati ya wavuvi wa madema na wale wa nyavu za kukokota, na katika mivutano ya namna hiyo swali huwa moja: nyasi zimepungua au hazikupungua, na kwa sababu ya nani?

Ndiyo maana namba ina uzito. Na namba yenyewe inapatikana kwa njia ambayo mtu wa mjini angeicheka. Unalaza juu ya nyasi fremu ya mraba, sentimita 50 kwa 50. Unainama. Unatazama. Unasema: asilimia arobaini.

Siku ya kwanza na wanafunzi wetu tulikwenda bamvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Unguja maji ya bamvua hukauka majira ya saa nne asubuhi, na kati ya kujaa na kukupwa kimo hutofautiana hadi kama mita nne. Msichana wa Kigoma alisimama ufukweni akitazama bahari ikiondoka. Iliondoka ikawa mbali, ikaacha mchanga, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu. "Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "ziwani kwetu maji hayaondoki." Kijana wa Bagamoyo akacheka. Fundi hakucheka. Alimwambia, "Basi wewe ndiye utatunza ratiba ya maji. Anayeyaona kwa mara ya kwanza huwa hasahau kuangalia saa." Na kweli, kwa wiki nane hatukuchelewa hata siku moja.

Tukalaza fremu. Fundi akatuambia kila mtu aandike makisio yake bila kumwonyesha mwenzake. Kijana: 70. Msichana: 35. Mimi: 50. Fundi: 45. Nyasi zile zile, jua lile lile.

Akatoa fremu nyingine, iliyofungwa nyuzi ndani yake ikawa na vijumba 25, kila kimoja kikiwa asilimia nne. Tukahesabu kijumba kwa kijumba, tukapata 48. Kijana alijitetea kwamba nyasi zake zilikuwa ndefu na zililala juu ya mchanga. "Ndiyo," Fundi akamwambia, "nawe ukilala kitandani hujawa mtu mpana." Tulirudia fremu ishirini siku hiyo. Fundi anaita zoezi hilo kulinganisha macho. Kufikia bamvua iliyofuata tulikuwa tunatofautiana chini ya kumi, na kufikia ya tatu, chini ya tano.

Nilifikiria sana habari ya 70 na 35. Kama mwaka huu angepima kijana peke yake, na mwakani msichana peke yake, grafu ingeonyesha nusu ya nyasi zimetoweka. Kikao kingeitishwa. Mvuvi mmoja angelaumiwa. Na nyasi zingekuwa pale pale zikipeperuka ndani ya maji. Kilichobadilika ni macho.

Baada ya macho tukaja kwenye majani. Kuna nyasi mbili za jamii ya Cymodocea zinazofanana kama mapacha. Unachuma jani, unatazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa laini na ya mviringo ni rotundata. Ikiwa na vijino kama msumeno ni serrulata. Vitabu vinasema hivyo na vinasema kweli, lakini ncha nyingi zimeliwa na samaki, kwa hiyo lazima utafute jani changa lililojificha katikati. Hilo nililifundishwa na mtu, sikulisoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kombe alikuwa anatuangalia tunavyohangaika, akasogea akamwambia msichana wetu, "Mwanangu, hapo ulipokanyaga ndipo wanapolala kombe. Simama kwenye mchanga, uiname." Alikuwa amepita hapo tangu utoto wake. Tukabadilisha namna ya kusimama, na Fundi akaiandika kwenye mwongozo wetu wa kazi: wapimaji wasimame upande wa mchanga.

*

Nimewahi kuulizwa na wenzangu wa darasani kwa nini tusinunue tu droni na picha za satelaiti. Tunavitumia. Lakini picha ya satelaiti haijui kama doa lile jeusi ni nyasi, mwani, au kivuli cha wingu mpaka mtu aende akasimame pale. Mashine inafundishwa kwa namba zilizotoka kwenye fremu. Macho yasiyolinganishwa yataifundisha mashine uongo, nayo itaurudia kwa kasi.

Ninajua pia kwamba ushirikiano unaweza kuzaa kitu kinachodumu, maana nimeona. Kisiwani Chumbe, ambako eneo la matumbawe lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, walinzi wa hifadhi walitoka miongoni mwa wavuvi, wakafundishwa kutunza matumbawe na kuandika kila wanachokiona. Kule Gazi, Kwale, upande wa Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja uliosajiliwa mwaka 2013, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya nchi hiyo. Mti unapimwa unene, hewa ya ukaa inakadiriwa, inauzwa, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Kwa vyovyote, kipimo kibaya kingekuwa sawa na mizani mbovu dukani.

Kinachofanana katika mifano hiyo ni kwamba aliyefundishwa alibaki. Hapo ndipo kwetu panapovuja.

Nilipomaliza stashahada nilipata mkataba wa miaka miwili kwenye mradi wa kufuatilia joto la maji na hali ya matumbawe. Nilivijua vile vipima joto mpaka kwa mikwaruzo yake. Mradi ulipokwisha nilikabidhi daftari, nikakabidhi funguo ya kabati, nikapanda boti kurudi Tanga kupitia Dar. Hakukuwa na ugomvi. Fedha zilikuwa zimekwisha na nafasi ya kudumu haikuwepo. Vifaa vilikaa kabatini miezi 14. Bahari haikusimama kuvisubiri. Leo nikichora grafu ya kituo kile, kuna mstari, halafu pengo, halafu mstari. Nikiulizwa kwenye wasilisho kwamba pengo ni nini, jibu la kitaaluma ni "takwimu hazipo". Jibu la kweli ni kwamba pale palikuwa na msichana wa miaka 22 aliyekuwa akiuza samaki na mama yake huku akingoja majibu ya chuo kikuu.

Nilikwenda chuo kikuu kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee niliyoonyeshwa. Mwenye stashahada anasaidia, mwenye shahada anapanga, mwenye uzamili anaandika, mwenye uzamivu anaalikwa kwenye mikutano. Kila ngazi niliyopanda ilinitoa maji hatua moja. Kwanza kiunoni, kisha magotini, kisha kwenye kiyoyozi. Mama aliligundua kabla yangu. Likizo iliyopita aliniuliza, "Kwa hiyo ukimaliza hii, utakuwa huingii tena baharini?" Nikamwambia nitaingia. Akasema, "Mikono yako imelainika." Hakuwa anasifu wala hakuwa analaumu. Anakaanga samaki miaka mingi, anajua mikono.

Sisemi watu wasisome. Nasema tumeijenga ngazi ambayo kipandio chake cha chini hakiwezi kumbeba mtu maisha yake yote, halafu tunashangaa hakuna aliyesimama pale. Fundi mwakani anatimiza miaka 60 na atastaafu. Nimeuliza nani anachukua nafasi yake. Nimeambiwa wanafunzi wa fildi watakuwa wanakuja.

Wanafunzi wa wiki nane hawawezi kurithi kazi ya miaka thelathini, hasa kama hakuna wa kuwapokea. Kama ningeulizwa hati ya makubaliano kati ya chuo na taasisi iandikweje, ningeongeza mambo matatu tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kituo kimoja arudishwe kituo hicho hicho mwaka unaofuata. Mwalimu wa chuo naye akae fildi wiki moja, alaze fremu, ajue macho yake yako wapi. Na kwa kila idadi fulani ya wanafunzi wanaopokelewa, iwepo nafasi moja ya ajira ya fundi, yenye mshahara wa kumtosha mtu kukaa. Jambo la tatu ndilo gumu, na bila hilo mawili ya kwanza ni kuwaandaa vijana kwa safari ya kurudi nyumbani.

*

Msichana wa Kigoma amemaliza stashahada yake. Ameomba kazi sehemu nyingi. Miezi michache iliyopita alinitumia picha kwa simu: mti ulionyooka umechomekwa majini karibu na mwalo anakofanyia kazi baba yake, umechorwa mistari ya rangi nyekundu kila sentimita tano. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni, yamefika kwenye bandari na nyumba za watu, na yeye ameamua kuyasoma kila asubuhi saa moja. Ziwani kwao maji hayaondoki, lakini yanakuja.

Sikumpongeza kwanza. Nilimwuliza maswali ambayo Fundi angeuliza. Mti umesimama juu ya nini, mchanga au mwamba? Umeulinganisha na alama gani ya nchi kavu isiyosogea? Siku ukiumwa nani anasoma? Akajibu moja moja. Mwamba. Ngazi ya zege ya jengo la zamani. Mdogo wake wa kidato cha pili, na kila Jumapili wanasoma wote wawili bila kuonyeshana, halafu wanalinganisha.

Nilimsomea Fundi ujumbe huo ofisini. Alinyamaza kidogo, akauliza kama daftari lake lina jalada la plastiki, kwa sababu masika Kigoma ni kali. Nikamwuliza yule dada. Hakuwa nalo. Nimemtumia nauli ya daftari mbili, moja ya namba na moja ya nakala, na nimemwambia asiache kuomba kazi. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi napokea picha ya ukurasa. Namba ziko kwenye safu mbili, na juu ya kila safu ameandika jina la aliyesoma.